Mti wa Miaka Mia na Zumari ya Uskoti

Mpigaji wa Uskoti anayetaka zumari ya mfuko iliyotengenezwa kwa mkono haendi dukani kuichukua. Humwendea fundi, wakakubaliana bei na mapambo, akatoa arbuni, kisha jina lake likaingia kwenye orodha. Kwa fundi mwenye sifa orodha huwa ndefu, na mwenye haraka huambiwa akatafute kwingine. Anayesubiri huhesabu tangu siku alipolipa. Fundi ana hesabu yake: vipande vya mti vilivyopangwa rafuni mwake vimekaa miaka vikikauka kabla hajathubutu kuvikereza. Nyuma ya fundi kuna mti, na mti huo ni mpingo, ambao huchukua kati ya miaka 70 na 100 kunenepa hadi kufaa kuvunwa. Kungoja zumari ya Kiskoti, basi, huanzia katika nyika za Lindi au Ruvuma, kabla babu wa mpigaji hajazaliwa.

Historia hiyo nataka kuisimulia kutokea Tunduma na mkoa wa Songwe. Shehena za mpingo hutoka zaidi mikoa ya kusini mashariki, mbali na hapo. Lakini Tunduma ndipo mahali ambapo Uskoti iliingia katika ramani ya nchi yetu na kuacha mstari ambao mpaka leo malori hupanga foleni kuuvuka. Tena watu wa Songwe, Wanyiha hasa, wana kumbukumbu ndefu ya kazi za mikono zisizokubali pupa.

Mwaka 1879 kijana wa Kiskoti aitwaye Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21, alipita nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Msafara ulikuwa wa Royal Geographical Society ya London. Kiongozi wake, Keith Johnston, alikufa Behobeho mwezi Juni mwaka huo, msafara ukiwa bado haujafika mbali na pwani. Thomson alibaki na mtu aliyeijua kazi kuliko yeye: Chuma, mmoja wa wale walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Vitabu humpa Thomson sifa ya safari ile. Mimi naiona kuwa safari ya Chuma vilevile, maana ndiye aliyewaongoza wapagazi, akawatuliza walipotaka kutoroka, na akajua namna ya kuingia katika mji wa mtu mkubwa bila kuzua ugomvi.

Habari za nyanda hizo zilipofika Glasgow ziliwakuta watu waliokwisha kuelekeza macho huku. Waskoti wa Free Church walikuwa wamefungua misheni ya Livingstonia kwenye Ziwa Nyasa mwaka 1875. Mwaka 1878 wafanyabiashara wa Glasgow wakaanzisha African Lakes Company, kampuni iliyoendeshwa na ndugu wawili, John na Frederick Moir. Mwaka 1881 tajiri mmoja wa huko, James Stevenson, akaahidi pauni 3,000 ili ijengwe barabara ya kuyaunganisha maziwa hayo mawili. Mhandisi James Stewart alianza kuichimba kutoka Karonga, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, akipanda milima. Homa ilimuua mwaka 1883. Aliyemrithi naye akafa kabla kazi haijafika popote pa kujivunia. Kipande kilichojengwa kwa kweli kilikuwa kile cha mwanzo. Kilichobaki, hadi Ziwa Tanganyika, kilikuwa njia ya miguu iliyopewa jina la barabara. Hata hivyo kwa njia hiyo wapagazi walibeba vichwani, kipande baada ya kipande, meli iliyoitwa Good News ya wamisionari wa London, ikaunganishwa na kushushwa majini Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Waliokuwa ziwani waliisubiri miaka. Kila bamba la chuma lilipita mikononi mwa watu ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika.

Kwa nini tajiri wa Glasgow atoe pesa kwa ajili ya njia isiyopita hata karibu na bahari? Alisema, na naamini alimaanisha, kwamba biashara halali ingeua biashara ya watumwa. Lakini biashara halali yenyewe ilikuwa pembe za ndovu. Kampuni ya akina Moir ilinunua pembe Karonga kwa nguo, shanga na bidhaa nyingine, ikishindana na wafanyabiashara wa pwani waliozipeleka Zanzibar.

Hapa ndipo zumari inapoingia. Zumari ya nyanda za juu za Uskoti ina mfuko wa ngozi, bomba la kuupulizia, bomba la wimbo lenye matundu ya vidole, na mabomba matatu ya mvumo yanayoegemea bega, mawili ya sauti ya kati na moja la sauti nzito. Mpigaji hujaza mfuko kwa pumzi, kisha huubana kwa mkono ili hewa isikatike anapovuta pumzi nyingine. Bomba la wimbo lina njia ya hewa inayotanuka kuelekea chini na tete lenye midomo miwili, kama ilivyo zumari ya Lamu na Unguja. Vyombo hivyo ni vya ukoo mmoja, na ndugu yao mwingine, habbani ya Ghuba yenye mfuko wa ngozi ya mbuzi, hupigwa Oman, Kuwait na Bahrain. Kila mahali mabomba ya Kiskoti yanapoungana huvikwa pete, kuzuia mti usipasuke na kupendeza macho. Katika seti nzuri za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, pete hizo zilichongwa kutokana na pembe za ndovu.

Mafundi mashuhuri wa zumari, Peter Henderson na R. G. Lawrie, walikuwa na karakana zao Glasgow, mji ule ule wa Stevenson na wa African Lakes Company. Mji mmoja ulituma watu kununua pembe Karonga, na mji huo huo ulizifunga pembe kwenye zumari. Ndovu wa Afrika wamelindwa dhidi ya biashara hiyo tangu mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe pori ulipowapandisha daraja la juu la ulinzi mwaka 1989, na mafundi wa leo hutumia vitu vya bandia. Seti kongwe bado zipo. Hupigwa harusini na mazishini, na wanaozirithi huzitunza kwa heshima kubwa. Sioni sababu ya kuwalaumu. Naomba tu kwamba anayezisifu aitaje na Karonga.

Mashindano ya pembe yalizaa damu. Kuanzia mwaka 1887 hadi 1889 kampuni ilipigana na Mlozi, mfanyabiashara wa pwani aliyejenga boma karibu na Karonga na kuwaua Wangonde wengi. Frederick Lugard, ambaye baadaye angesifika katika himaya ya Uingereza, alijeruhiwa vibaya huko mwaka 1888. Mlozi alishindwa kabisa mwaka 1895 na akanyongwa. Wakati huo jambo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kuamuliwa mezani, Ulaya.

Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani unakumbukwa na wengi kwa Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Mtu wa Tunduma aukumbuke kwa jambo lingine. Waingereza walishikilia kwamba Barabara ya Stevenson ibaki upande wao, na Wajerumani wakakubali. Basi mpaka ukaupanda mto Songwe kutoka Ziwa Nyasa, kisha ukakata nchi kavu ukienda kaskazini mwa njia ile hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ilipita na vyombo vya kupimia, ikaweka alama ardhini. Wanyamwanga wakajikuta nusu yao wako upande huu na nusu upande ule. Walambya na Wandali wa milima ya Ileje nao wakatazama ng'ambo ya mto na kuambiwa kwamba jamaa zao ni wa serikali nyingine. Njia ya miguu ya tajiri wa Glasgow, isiyokamilika, ndiyo iliyoamua Tunduma iwe mpakani.

Ng'ambo ya pili Waingereza walifungua kituo wakakiita Fife, kwa jina la mkabaila wa Kiskoti aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa British South Africa Company. Karibu yake, katika miaka ya 1890, Waskoti wa Livingstonia wakafungua misheni ya Mwenzo. Kutoka Mwenzo walitokea vijana waliosoma, kina Donald Siwale, ambao mwaka 1912 walianzisha chama cha kutetea maslahi ya wenyeji. Pamoja nao alikuwa David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda. Hiyo nayo ni sehemu ya urithi wa Waskoti mpakani hapa, na pengine ndiyo iliyo bora kuliko zote.

Upande wetu waliingia Wajerumani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwishoni mwa muongo huo Traugott Bachmann akafungua kituo cha Mbozi kati ya Wanyiha. Kanisa lao lilikuwa na ala zake. Huko Herrnhut, Saxony, tangu miaka ya 1730 Wamoravian walitumia tarumbeta na ndugu zake kutangaza kifo cha mmoja wao na kuwaamsha watu alfajiri ya Pasaka waende makaburini kumsubiri Bwana mfufuka. Ndiyo maana kusini magharibi mwa Tanzania chombo cha kupuliza kilichoshika mizizi kanisani ni cha shaba. Alfajiri ya Pasaka, baridi ya Mbozi ikiwa bado kali, Wamoravian hukusanyika makaburini na tarumbeta zikalia. Waskoti nao walipata nafasi yao: Wajerumani walipoondolewa wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Livingstonia ilikabidhiwa uangalizi wa misheni za Wamoravian na za chama cha misheni cha Berlin hadi wenyewe walipoanza kurudi katikati ya miaka ya 1920. Waliacha walimu na nyimbo za ibada. Zumari hawakuiacha.

Kabla ya hao wote kulikuwa na mafundi wa Kinyiha. Hawa nawapa nafasi zaidi, maana huwezi kuelewa kungoja kazi ya fundi bila kuwajua waliongojwa hapa kwetu. Wanyiha waliyeyusha chuma. Walijenga tanuri refu la udongo, kupita kimo cha mtu, lenye matundu ya mabomba ya udongo chini, nalo lilivuta hewa lenyewe bila kupulizwa. Ndani walipanga mawe yenye chuma na makaa kwa safu, wakawasha, wakakesha. Moto ulikwenda siku kadhaa. Kilichotoka bado hakikuwa jembe. Kilikuwa bonge chafu, lililopaswa kurudiwa katika tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Hatua hiyo ya pili ilihitaji mkono uliozoea, maana hewa ikikatika chuma huharibika. Mpiga mivukuto wa Mbozi na mpiga zumari wa Uskoti wangeelewana bila mkalimani juu ya jambo hilo moja: mfuko wa ngozi lazima ubanwe kwa nguvu isiyopanda wala kushuka.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko mingi. Wafuaji walijitenga na wake zao, dawa zilitiwa tanurini, na mgeni hakukaribia. Mwenye kutaka jembe alikuja na mbuzi au nafaka, akapangiwa msimu. Hakuna aliyemwendea fundi mwezi wa mvua akitaka jembe kesho yake. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipojaa madukani wakati wa ukoloni, matanuri yalipoa moja baada ya jingine, na ujuzi ukaenda kaburini na wenye nao. Tulichopoteza hapo ni kikubwa kuliko jembe. Ilipotea desturi ya mtu kumjua fundi wake kwa jina na kumpa muda.

Vita vya kwanza vya dunia vilifika mpakani mapema. Karonga ilipigwa Septemba 1914, Fife ikashambuliwa mwisho wa mwaka huo, na mwaka 1915 ngome ya Saisi, magharibi zaidi, ikazingirwa. Septemba mwaka huo huo, huko Loos nchini Ufaransa, mpiga zumari Daniel Laidlaw alipanda ukingo wa handaki, gesi ya sumu ikiwa imetanda, akapiga zumari yake akitembea mbele ya askari hadi alipojeruhiwa. Alipewa Victoria Cross. Picha ya mpiga zumari vitani ilienea duniani kote, na vikosi vya Uskoti na vya makoloni vilizitaka zumari kwa wingi. Zumari zilizotoka katika karakana za Glasgow katika miaka iliyofuata zinahesabiwa na wapigaji wengi kuwa bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa.

Na mti wa zumari hizo ulikuwa mpingo. Zamani mafundi walitumia miti ya kwao, kisha miti migumu ya Karibi, hasa ule wa Jamaika na Cuba ambao ulivunwa hadi ukawa adimu. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 mpingo wa Afrika Mashariki ukachukua nafasi, na hadi leo ndio unaotawala. Ni mti mzito unaozama majini. Moyo wake ni mweusi wenye zambarau iliyofifia, una mafuta yake, haunywi unyevu upesi, na ukikerezwa hutoa ukuta laini wa ndani ambao pumzi hupita bila kukwaruza. Sauti ya zumari inayosikika kutoka kilima kimoja hadi kingine imekaa katika uzito huo.

Mwanzoni mwa Novemba 1918, Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake walivuka nchi ya Mbozi wakiwa wamechoka, wakaishambulia Fife, kisha wakasonga ndani zaidi ya Rhodesia ya Kaskazini. Tarehe 25 Novemba walikabidhi silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Mpingo uliochipua mwezi ule katika bonde lolote la kusini ungekuwa leo na zaidi ya miaka 100. Ungekuwa tayari.

Askari waliorudi walirudi na muziki. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, ilienea bara pamoja na askari na wapagazi. Mombasa kulikuwa na chama kilichojiita Scotchi, kilichojipamba kwa mavazi ya askari wa Uskoti, kikishindana na Kingi. Tanganyika ilikuwa na Marini na Arinoti. Ilipofika Ziwa Nyasa, beni ilikutana na tatizo la wazi: tarumbeta za shaba hazikuwepo, na za kuagiza hazikuwa na mnunuzi. Wenyeji wakatafuta njia. Katika mganda, au malipenga kama wanavyosema upande wa Malawi, wanaume hucheza kwa mstari wa gwaride huku wakiimbia ndani ya vibuyu. Kibuyu hutobolewa tundu dogo, nalo hufunikwa kwa utando mwembamba wa kifuko cha mayai ya buibui. Sauti ya mtu ikipita, utando hutetemeka, na kinachotoka ni mlio mkali kama wa shaba.

Chombo hicho nacho husubiriwa. Kibuyu hupandwa mvua za kwanza na kuachwa kwenye mtambaa hadi kigumuke chenyewe, kisha hukaushwa. Mpandaji huchagua umbo kikiwa bado kichanga, maana kibuyu kirefu hutoa sauti tofauti na kifupi, na vikubwa vya sauti nzito huunganishwa vipande kwa nta. Anayekata mapema hupata kibuyu kinachonyauka. Karonga, Mbamba Bay na visiwa vya Likoma vimecheza ngoma hiyo vizazi kadhaa bila kulipa arbuni Glasgow wala Saxony. Nikiulizwa jibu lipi la Afrika Mashariki kwa bendi za Ulaya lilikuwa na akili zaidi, naweka kibuyu mbele.

Sasa turudi kwa mpingo, kwa sababu ndio unaotugusa mfukoni. Mti huu haupendi kunyooka. Mara nyingi hutoka mashina mengi, umejipinda, una mafundo, na ndani yake kunaweza kuwa na nyufa au uozo usioonekana kwa nje. Mvunaji aliyezoea huuzunguka, huupiga kwa bapa la panga akasikiliza, ndipo huamua. Ganda la nje lenye rangi ya maziwa halifai kitu katika ala. Hutakiwa moyo mweusi peke yake, usio na doa. Kiwandani gogo hupasuliwa vipande vya vipimo vya zumari, klarineti na oboe, na ncha zake huchovywa nta ili unyevu utoke polepole. Sehemu inayofikia kuwa kipande cha daraja la kwanza huwa chini ya moja ya kumi ya gogo. Kilichobaki ni kuni na vumbi.

Kipande kikifika kwa fundi wa Ulaya hungoja tena. Fundi hutoboa tundu jembamba katikati, akakiacha. Mti huendelea kukauka na kujikunja kidogo kidogo, na baada ya muda, pengine miaka, hulirudia tundu kulipanua. Wenye pupa huuza zumari zinazopasuka majira ya baridi ya kwanza. Njia ya hewa ya bomba la wimbo hukatwa kwa kekee iliyochongwa kwa umbo lake, na kosa la unene wa unywele huharibu noti. Baada ya hapo ndipo huja mapambo, mfuko, na matete. Haya yote ndiyo yanayolipiwa arbuni. Nayatetea kwa moyo wote. Kinachonisumbua ni kwamba katika bei ya mwisho, miaka michache ya fundi huhesabiwa kwa uangalifu, na miaka 100 ya mti kwa muda mrefu haikuhesabiwa kabisa.

Kwa miongo mingi mpingo uliondoka vijijini kwa malipo yaliyokaribia bure, huku faida ikibaki kwa wafanyabiashara na wenye viwanda. Mabadiliko yalianza miaka ya 1990. Filamu ya BBC ya mwaka 1992 juu ya mti huu ilimfikia Mmarekani James Harris, fundi wa kukereza mbao, ambaye mwaka 1996 aliungana na mtaalamu wa mimea wa Kilimanjaro, Sebastian Chuwa, kuanzisha mradi wa kupanda mpingo. Chuwa aliutumikia kwa ari hadi kifo chake mwaka 2014, akiwafundisha watoto wa shule kuotesha miche ya mti ambao wao wenyewe wasingeuvuna. Mwaka huo huo wa 1996 watafiti kutoka Cambridge walianza kazi iliyozaa shirika la uhifadhi wa mpingo lenye makao Kilwa, MCDI. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu vijiji kumiliki na kuvuna misitu yao, na mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC. Tangu hapo kijiji chenye cheti kinaweza kumwambia mnunuzi bei, na pesa imejenga vitu ambavyo mwanakijiji anaweza kuvionyesha kwa kidole.

Halafu ikaja karatasi. Januari 2017, baada ya mkutano wa Johannesburg, CITES iliweka karibu miti yote ya jamii ya mpingo chini ya udhibiti, hasa kwa sababu ya uvunaji wa kupindukia wa miti ya samani kwa soko la China. Mpingo ukaingizwa humo pamoja na jamaa zake. Ghafla fundi aliyetaka kumtumia mteja wa ng'ambo chombo chake alihitaji vibali. Watu waliokuwa wamesubiri mwaka mzima wakaongezewa miezi ya kusubiri muhuri. Wanamuziki na watengenezaji wa ala duniani wakapiga kelele, na mkutano wa Geneva wa Agosti 2019 ukalegeza: kuanzia tarehe 26 Novemba mwaka huo, ala zilizokamilika, sehemu za ala zilizokamilika na vifaa vyake havidaiwi kibali hicho. Mti ghafi na vipande vyake bado vinadaiwa.

Tunduma inaielewa lugha ya vibali. Kabla ya Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa na marais wa wakati huo, Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia, tarehe 5 Oktoba 2019, dereva wa lori alikaguliwa Tunduma kisha akakaguliwa upya Nakonde, upande wa Zambia, na foleni ilifika kilomita nyingi nyuma. Yeyote aliyeishi humo anajua kwamba kusubiri kuna gharama, na kwamba mara nyingi anayelipa gharama hiyo ni mwenye mzigo mdogo.

Kwa hiyo masharti ya mwaka 2019 yasomwe kwa makini huku kwetu. Sheria ya dunia sasa inampa nafuu anayeuza chombo, na kumwekea kizuizi anayeuza gogo. Mashine za kukereza na walimu wa kuzitumia wapo katika vyuo vya ufundi nchini, na mpingo upo. Kinachokosekana ni vijana watakaokaa na fundi wa zumari miaka ya kutosha kujifunza kukata njia ya hewa na kupanga noti, na mtu wa kuwalipia miaka hiyo. Bomba la wimbo likikerezwa Vwawa, hapa Songwe, hadi likamilike, linaweza kuvuka Tunduma likiwa ala bila kibali cha CITES. Kipande ghafi cha mti ule ule kitabaki upande huu kikisubiri chake.